Fundi wa Gari la Msiba

Agosti 2008. Kaka yangu alizikwa Nimule, karibu na mpaka wa Uganda, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukanyaga, kwa sababu gari lililombeba lilizimwa njiani na halikuwaka tena. Nilikuwa ndani ya gari hilo. Nataka kuandika juu ya mtu aliyekuwa akilitengeneza. Jina lake sitalitaja, maana ana watoto, na watoto hawakukosa. Sokoni tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi pale soko la Jebel, Juba, lakini ukisema Fundi tu, kila mtu alijua unamsema nani.

Sijui alizaliwa wapi hasa wala baba yake alikuwa nani. Nilijua ni Mganda, nilijua anapenda samaki kuliko nyama, nilijua kikohozi chake hata nikiwa nimempa mgongo. Na nilijua mdomo wake, ambao sikupenda kuutazama.

Kazi yake ilikuwa umeme wa magari. Ukimpelekea gari ambalo betri yake inakufa kila asubuhi, hakuanza na chombo chochote. Alifungua vifuniko vya betri, akachovya kidole kwenye tundu la kwanza, akakilamba, akatema. Tundu la pili, akalamba, akatema. Akaenda hivyo mpaka la mwisho, macho ameyafumba kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akatoa hukumu.

"Hii mmewekea maji ya mto. Iko na mavi ya ng'ombe ndani."

Siku moja alilamba, akamgeukia dereva wa lori dogo la mchanga, aliyekuja na utingo wake. "Wewe ulikojoa hapa."

Dereva akaapa kwa mama yake kwamba hakukojoa.

"Basi ni turnboy wako. Mmoja wenu alikojoa. Mimi nimeonja."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua baada ya hapo anakuja kwangu kula. Kibanda changu cha chakula kilipakana na uwanja wake, ukuta wa mabati tu katikati. Niliuza ugali, maharagwe, samaki wa kukaanga. Alinyoosha vidole nimmwagie maji, na sabuni hakuitaka, akidai inaharibu ladha ya samaki. Harufu ya asidi ilipanda pamoja na mvuke wa ugali. Meno yake ya mbele yalikuwa yameliwa, yamebaki vijiti vyeusi, na alipokula, miiba ya samaki ilinaswa humo, akaitoa kwa kipande cha waya alichokiweka mfukoni. Waya huohuo aliutumia kusafishia vichwa vya betri.

Nilimtengea sahani yake peke yake. Alijua. Aliniita nyabo, yaani mama kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, sahani yangu iko wapi? Ile ya mbwa?"

"Iko hapa, Fundi."

"Lete. Mbwa ana njaa."

Hakukasirika hata kidogo. Mara nyingine nilitamani akasirike.

Lazima niseme pia kwamba kazi aliijua. Ningependa kuandika kwamba alikuwa tapeli tu, ingekuwa rahisi kwangu, lakini si kweli. Palikuja bwana mmoja kutoka mtaa wa Hai Amarat, Mkenya mwenzangu, aliyenunua Land Cruiser kuukuu kwenye mnada wa shirika la misaada. Kila fundi alikuwa amemuuzia betri mpya, na kila betri ilikufa baada ya kulala siku mbili tatu. Fundi alizima kila kitu, akachomoa waya mmoja kwenye kichwa cha betri, akaweka balbu ndogo katikati, kati ya waya na kichwa. Balbu ikawaka, nyekundu, hafifu.

"Unaona?" akasema. "Gari imelala. Taa imelala, redio imelala. Lakini kuna mtu anakunywa. Sasa tutafute nani anakunywa."

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja moja, akiitazama balbu. Angechomoa fyuzi ya yule mnywaji, balbu ingezima. Alizimaliza zote na balbu ikabaki inawaka. Mafundi wengine pale wangesema betri ni mbovu, nunua nyingine. Yeye alivua kofia, akajilaza chini ya dashibodi miguu ikiwa nje mlangoni, akakaa huko mpaka nikadhani amesinzia. Kumbe zamani gari lilikuwa na redio ya mawasiliano ya mbali, ile yenye antena ndefu kama fimbo ya kuvulia. Wazungu wa shirika walipoliuza waliing'oa redio, wakasahau kisanduku chake kilichofungwa mbele chini ya antena. Waya wake ulikwenda moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi yoyote. Fundi akaukata. Balbu ikazima palepale, na watu wakapiga makofi.

"Kawaja alitoa redio, akaacha tumbo yake," akasema. "Tumbo bado inakula."

Kuanzia siku ile niliona akitafuta wanywaji wengi. Taa ya buti isiyozima kwa sababu kifuniko kimepinda. Kengele ya wezi iliyowekwa Kampala na mtu aliyejifunzia njiani. Alterneta, ile mashine inayorudisha moto kwenye betri injini inapozunguka, ambayo ikiharibika ndani hugeuka ikanyonya badala ya kurudisha. Hakuna aliyemzidi katika hayo. Watu walivuka mji kutoka Malakia kumfuata, wakayapita mabanda ya mafundi wengine njia nzima.

Na alichukia uchafu. Mtu yule, mwenye vidole vile, alichukia uchafu wa wenzake kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Akikuta waya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa mfuko wa nailoni, aliita mwenye gari aje aone. Akikuta karatasi ya sigara au msumari mahali pa fyuzi, alikitundika kitu hicho kwenye kamba mbele ya banda lake, kama nyama buchani. Kamba ile ilikuwa imejaa.

"Mzee, kuja hapa. Mke wako akikupikia na maji ya choo, utakula?"

"Sasa mimi nilijua? Fundi aliyefanya hivyo ni ndugu yako Mganda!"

"Huyo si ndugu yangu. Huyo ni mwizi. Mtu anayeficha waya ni mwizi."

Nilimsikia akisema hivyo kwa masikio yangu, wala si mara moja.

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alivaa shati jeupe lililotobolewa na asidi vitundu vingi kifuani, akasimama mlangoni kwenye kanisa letu la maturubai kupokea wageni. Alikuwa na sauti nzuri ya chini. Akifa mtu wetu yeyote, Mkenya au Mganda, Fundi alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Alilia kwa machozi ya kweli juu ya watu ambao hakuwajua. Nilimwona akimlilia msichana wa saluni aliyekufa kwa homa, akaushika ubao wa sanduku, akasema, "Mtoto, nani alikuambia kuja Juba?" Wanawake wote tukalia upya.

Sisi tuliotoka nje tulikuwa na chama cha kufikishana nyumbani. Miaka ile baada ya mkataba wa amani watu walimiminika Juba kutafuta maisha, wakafa kama watu wanavyokufa popote, na hakuna aliyetaka kuzikwa huko. Tulichanga tukanunua gari, Land Cruiser hardtop ya zamani ya dizeli yenye nafasi ya sanduku nyuma. Tuliliita gari la msiba. Lilipokuwa halina safari lilikaa kwenye uwanja wa Fundi, kwa sababu alikuwa na ua wa mabati na mlinzi, na kwa sababu betri yake ilikuwa ikifa kila mara na yeye ndiye aliyekuwa akilitibu.

Alilitibu muda mrefu. Kwenye mikutano alisimama na kutueleza ugonjwa. Mara ya kwanza alisema ni alterneta, tukanunua alterneta. Mara ya pili alisema ni waya wa bodi uliooza, akaubadilisha. Mara nyingine alisema betri yenyewe imechoka, tukanunua betri. Baadaye alisema joto la Juba linapika betri. Mwenyekiti wetu, mtu wa benki, alimuuliza, "Fundi, wewe unayeponya magari ya watu wote, hili letu limekushindaje?"

"Mwenyekiti, hii iko na ugonjwa ya ndani. Ni kama pepo. Inataka uvumilivu."

Tukavumilia. Gari likawa la kusukumwa kila safari, wanaume sita nyuma, mmoja ndani. Tukazoea, hata tukaona kwamba ndivyo gari la msiba linavyopaswa kuondoka, linasukumwa na waombolezaji.

Kaka yangu alikuwa mwashi. Alianguka kutoka juu ya jengo la hoteli, akafa kabla sijafika. Yeye ndiye aliyenileta Juba, ndiye aliyenijengea kibanda. Mama yetu alikuwa hai, nyumbani magharibi mwa Kenya, na kaburi la baba lilikuwa na nafasi ubavuni ambayo kaka mwenyewe aliwahi kuionyesha kwa mguu, akitania, kwamba hapa ni pake na mtu asipande mahindi. Nilitaka jambo moja tu, kumfikisha pale.

Siku ya kuondoka watu walijaa uwanjani kwa Fundi tangu asubuhi. Wakati ule umeme wa mji ulikuwa kama haupo. Aliyekuwa na jenereta aliwasha, asiyekuwa nayo alipeleka simu kwa watu wenye ubao wa kuchajia. Fundi naye alikuwa na ubao wake, chaja zimening'inia kama mikia ya panya, na chini yake, nyuma ya turubai, mashine ya kugeuza moto wa betri uwe kama wa nyumbani. Sote tulijua anatumia betri kuukuu alizozikusanya. Ndivyo alivyosema, na hakuna aliyeuliza zaidi. Siku ile kila mtu alikuwa akipiga simu kwao kutoa habari, na simu zikizima zinapelekwa kwenye ubao. Pia palikuwa na spika kubwa ya nyimbo. Fundi hakumtoza mtu yeyote. Alisema huu ni msiba wake.

Gari lilipotakiwa kuwaka, stata haikugeuka hata kidogo. Wanaume wakasukuma, likawaka. Fundi akaja dirishani kwa dereva.

"Usizime injini mpaka Nimule. Sikia? Ukitaka kukojoa, kojoa injini inanguruma. Kalas, basi."

Hatukuizima. Tulivuka daraja la kutokea mjini, tukaenda na matope ya Agosti, sanduku limezungushiwa barafu na maranda ya mbao. Baada ya nusu ya njia tukafika kwenye kizuizi cha barabarani. Askari mmoja kijana alitaka kukagua, akaamuru injini izimwe. Dereva alimwomba kwa Kiarabu cha Juba, akamwonyesha sanduku, akamweleza habari ya betri. Askari akasema gari linalonguruma ni gari la mtu anayetaka kukimbia. Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo mwenyewe.

Tulisukuma. Tope lilikuwa mpaka vifundoni na barabara ilipanda. Pembeni pa barabara hakuna aliyethubutu kukanyaga kwa ajili ya mabomu ya vita yaliyozikwa, kwa hiyo tulisukuma katikati ya matope yaleyale tuliyokwisha kuyachafua. Dereva wa lori akatuhurumia, akaunganisha betri zake na yetu. Betri za lori ni mbili na nguvu yake ni mara mbili. Waya zikaanza kutoa moshi chini ya bonneti, harufu ya plastiki ikatupiga, na hapo gari likafa kabisa.

Tulikaa pale usiku na mchana na usiku mwingine, mahali pasipo na mtandao wa simu. Barafu iliisha siku ya kwanza. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba kuna harufu ambayo ukiwa dada wa mtu hutakiwi kuijua, na nimeijua. Tulipovutwa mpaka Nimule, bwana afya wa mpakani hakulisogelea sanduku, aliziba pua na kutikisa kichwa, kwamba halivuki. Wenyeji walitupa mahali na wakatusaidia kuchimba. Mungu awabariki, walikuwa watu wema.

Nilirudi Juba kwa sababu sikuwa na pengine pa kurudi. Kiasi cha mwezi baadaye, mchana, nilikuwa nikimwaga maji machafu nyuma ya kibanda, penye mabati yaliyoachana, nikaona waya mweusi chini ya turubai la Fundi. Niliufuata kwa macho. Ulitoka kwenye mashine ya ubao wa simu, ukapita chini ya turubai, ukaingia chini ya bonneti ya gari dogo la mwalimu mmoja lililoletwa asubuhi kwa ugonjwa wa betri kufa. Pembeni ya gari hilo palikuwa mahali pa gari la msiba. Pale pia palikuwa na waya, umekunjwa vizuri, ncha zake zina vibanio, unasubiri.

Niliacha karai palepale, nikafunga kibanda.

Nilimwambia mwenyekiti. Alinisikiliza, akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Dada," akasema, "sisi sote tunachaji pale."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikiitisha mkutano nitasema nini? Na tukimfukuza, gari atalitengeneza nani?"

Mkutano haukuitishwa. Gari likavutwa kutoka Nimule na kurudishwa palepale, kwa fundi yuleyule, naye akabadilisha waya zote zilizoungua, kazi safi, hakuna kiungo hata kimoja cha nailoni. Akaja kula.

"Pole, nyabo. Mungu amependa."

Nilimwekea samaki.  Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumuuliza juu ya waya, na jibu ninalolipata si zuri. Nilikuwa nimechoka, na alikuwa mteja wa kila siku. Niliendelea kummwagia maji vidoleni miaka miwili, na kila siku nilisema moyoni leo nitamuuliza, halafu mtu mwingine akaagiza maharagwe.

Mwisho wa 2010, kura ya kusini kujitenga ilipokaribia, watu walianza kusema vita vitarudi. Waganda wengi waliuza vitu vyao kwa bei ya kutupa wakaenda kwao. Nilikwenda kituo cha mabasi ya Kampala kumpa abiria mzigo wa mama, nikamkuta Fundi amekaa juu ya mfuko wake. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, na ngozi yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alisema tumbo linamkata miezi mingi na daktari haoni kitu.

"Nyabo, umekuja kuniaga?"

"Hapana. Nimeleta mzigo."

Akacheka, akakohoa. Akasogea ili nikae, nikabaki nimesimama. Na hapo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuagiza maharagwe, nikasema.

"Fundi, waya niliuona."

Hakuuliza waya gani. 

"Simu zilikuwa mingi siku ile," akasema.

"Kaka yangu alioza njiani."

"Najua."

"Ulikuwa ukitumia betri ya gari lake."

"Nyabo, zote zilikuwa simu ya msiba. Ningesema hapana kwa nani? Hata simu ya marehemu ilikuwa pale. Ulisahau kuichukua. Mama yenu alikuwa akipiga hiyo."

Hilo la mama sikulijua. Simu ile alinirudishia tuliporejea, nami niliifungia kwenye begi bila kuiwasha.

"Nani alipokea?"

"Mimi. Mama alipiga siku mnaondoka, akapiga tena usiku, akapiga tena kesho yake. Kila saa mama anapiga. Nilijua Kiswahili yake kidogo, yeye akajua yangu kidogo. Nikamwambia mko njiani. Nikamwambia wachimbe, mnafika."

Basi nikamweleza asichokijua yeye. Nilimweleza kwamba walichimba. Kwamba watu walikaa kando ya lile shimo siku zote zile, mama yangu kwenye mkeka, akiwaambia wanaotaka kwenda nyumbani kwao wangoje, Juba wamesema wako njiani. Kwamba kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litaita mtu mwingine, kwa hiyo mwishowe wakakata mgomba, wakaufunika kwa shuka, wakauzika ubavuni mwa baba yangu. Mama analipalilia kaburi hilo mpaka leo.

Fundi alisikiliza yote. Kijana wa basi akaja akachukua mfuko wake na kuutupia juu. Fundi akasimama kwa shida, akishikilia ubavu wa basi.

"Ungetaka nimwambie nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama alivyouliza wenye magari taa ilianza lini kufifia, akasubiri jibu.

 Dereva alipiga honi, Fundi akapanda, na basi likaondoka kuelekea darajani.